Imepumzika, Haijaharibika: Mzee Mboje Bujiku Anastaafu

Jumatatu tarehe 30 Juni 2003, saa tisa na nusu alasiri, Mzee Mboje Bujiku, fundi mkuu wa kiwanda chetu cha kuchambua pamba hapa Bariadi, atasaini daftari la mahudhurio kwa mara ya mwisho. Siku hiyo atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne, miezi kumi na siku kumi na nane ya utumishi. Katika muda huo ameajiriwa na chama cha ushirika, amekabidhiwa kwa kampuni pamoja na majengo na mizani, na hajawahi kubadilisha kabati la nguo.

Kamati ya sherehe ilinipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa hoja kwamba nimefanya kazi naye bega kwa bega kwa miaka sita. Hoja ni ya kweli. Ambacho kamati haikuuliza ni kwamba miaka yote sita nimekuwa nikimwonea wivu. Nalisema mapema ili msomaji akiona mahali nimembana mzee wetu kidogo, ajue sababu.

Mzee Mboje alizaliwa mwaka 1943 Mwandoya, kwa wafugaji waliolima pamba ya kupata nguo. Alipoingia kiwandani tarehe 12 Agosti 1968 alikuwa mbeba magunia. Mwaka ule mashine kumi na mbili za kuchambulia zilikuwa ndiyo kwanza zimefungwa, zimetoka Uingereza, zimepakwa rangi ya kijani, na kila moja ina kibao cha shaba chenye jina la aliyeitengeneza. Fundi wa wakati huo aliona kwamba wabeba magunia wakipewa dakika za kuvuta pumzi, wote hukimbilia kivulini isipokuwa mmoja, ambaye huenda kusimama karibu na mashine akizisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Akampa kopo la mafuta. Mwaka 1974 akawa fundi msaidizi, na mwaka 1981 akawa fundi mkuu. Tangu mwaka huo wa 1981 hakuna mtu aliyepoteza kidole katika kiwanda hiki. Wale waliofanya kazi viwanda vingine wanajua jambo hilo lina uzito gani.

Vyeti hana. Cheti chake pekee ni cha ubatizo, nacho alikipata akiwa na miaka thelathini, kwa sababu mkewe, Mama Elina, alikataa katakata ndoa ya bomani.

Miaka ile ya uhaba, ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa foleni za sabuni, yeye anaikumbuka kwa ngozi. Mashine zake huchambua kwa roli zilizovikwa ngozi, na ngozi hiyo ilikuwa ikitoka ng'ambo. Ikaacha kuja. Mzee Mboje akapanda baiskeli ya kuazima hadi Mwandoya, akaanza kukagua maksai wangali hai. Alitaka maksai mzee, aliyelima misimu sita au zaidi, asiye na kovu la mjeledi mgongoni. Ilifika mahali watu wa kule walijua kwamba Mboje akisimama nyuma ya ng'ombe wako akiinamisha kichwa, huyo hayuko kwenye habari za nyama. Ngozi zile zilifanya kazi, na kiwanda hakikufunga hata msimu mmoja.

Mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa. Wanunuzi wakajaa, kila mmoja na mizani yake na turubai lake, na pamba ikaanza kuingia kwa fujo ambayo ushirika haukuizoea. Mwaka 1996 kampuni ikakichukua kiwanda. Mwaka 1997 ikaleta laini mpya ya kuchambulia, yenye kompyuta yake, chumba chake cha vioo na kiyoyozi pekee kiwandani. Nami nikaja nayo. Nilifika kama sehemu ya vifaa: laini moja, makasha kumi na manne ya vipuri, na Joakim mmoja kutoka Songea, mwenye stashahada ya ufundi na kalamu tatu mfukoni.

Nilitegemea kupokelewa. Si kwa ngoma, lakini angalau kwa udadisi. Badala yake nilikuta mapenzi yote ya kiwanda yameshachukuliwa. Madereva wa malori walimsalimia Mzee Mboje kwanza, kisha wakauliza mimi ni nani. Wageni wa wilayani waliingia kwenye chumba changu cha vioo, wakapoa dakika mbili, kisha wakaenda kupiga picha na mashine za kijani. Mama Monika Shija, mkulima mkubwa wa Lagangabilili, alikuwa akifika getini anauliza pamba yake inapelekwa laini ipi. Akiambiwa ni Laini ya Kompyuta, alikuwa tayari kukaa juu ya magunia yake nusu siku akisubiri nafasi kwa Mboje.

Na wote walikuwa na wimbo mmoja. Vyuma vya zamani vilitengenezwa vidumu. Vya siku hizi ni vya biashara, leo kipya kesho kimekufa. Niliusikia getini, kantini, ofisini, na Jumapili moja niliusikia kwenye mahubiri, ambapo padri alizitumia mashine za Mboje kuelezea ndoa. Laini yangu yeye aliitumia kuelezea kitu kingine.

Mzee Mboje mwenyewe hakuwahi kuuimba wimbo huo. Watu wakisifia vyuma vyake mbele yake, alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa na kuangalia pembeni. Mimi nililiona hilo kuwa maringo ya hali ya juu.

Kila asubuhi alipita kwenye mashine zake moja moja. Alikuwa anaweka kiganja juu ya beringi, anatulia, na midomo inacheza. Wazee wa zamu waliniacha niamini nilichotaka kuamini, kwa kuwa mimi, mtu wa Songea, ni mtani wa Wasukuma, na nilichoamini ni kwamba anaongea na mitambo kwa Kisukuma. Basi kwa siri nami nikaanza. Asubuhi nilikuwa nawahi, naweka mkono juu ya laini yangu na kuiambia habari ya asubuhi kwa Kiswahili fasaha. Siku ya nne akina mama wa usafi walinikuta. Hawakucheka mbele yangu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Laini iliharibika siku hiyo hiyo saa tano.

Iliharibika sana, laini yangu. Sitaficha. Kompyuta yake ilikuwa inajiandikia yenyewe kila kilichotokea, na ilijua maneno mawili tu: inafanya kazi, au imeharibika. Kila jioni ilinitolea karatasi, na kila jioni nilikuwa nabeba karatasi hiyo hadi kwa meneja wetu, Bwana Constantine, kama mwanafunzi anayepeleka ripoti mbaya nyumbani. Upande wa pili, Mzee Mboje alikuwa na daftari la kurasa tisini na sita ambalo hakuna aliyewahi kuliomba, kwa sababu kila mtu alijua jibu. Mashine zake hazijawahi kuharibika.

Mwanzoni mwa msimu wa 1999 Bwana Constantine alituita. Kampuni ilihitaji banda moja liwe ghala la marobota, kwa hiyo laini moja ingeondoka. Tungeshindana msimu mzima, na itakayosimama mara nyingi zaidi ndiyo ingetoka. Ikiwa ni ya Mboje, ingeuzwa chuma chakavu, na fundi wake, akiwa na miaka hamsini na sita, angepewa barua ya shukrani. Ikiwa ni yangu, ingehamishiwa kiwanda kingine cha kampuni, nje ya mkoa, pamoja na fundi wake. Nyumba yangu ya Somanda wakati huo ilikuwa imefika kwenye lenta. Mke wangu alikuwa ameshachagua rangi ya milango.

Sijawahi kufanya kazi kwa bidii kama msimu ule, na sijawahi kuharibikiwa kama msimu ule. Mara moja tulisimama siku sita tukisubiri kadi ya umeme ya ndani ya kompyuta, isiyozidi ukubwa wa kitambulisho. Ng'ambo ya pili ya ua, mashine za kijani zilinguruma taratibu kama watu wenye shibe.

Pamba ilikuwa nyingi, uchambuzi ukavuka mwaka. Mtakumbuka hofu ya Desemba ile, redio zikisema kompyuta za dunia nzima huenda zikachanganyikiwa mwaka 2000 ukiingia. Tuliagizwa tuizime yetu. Jumatatu tarehe 3 Januari niliiwasha mbele ya meneja na zamu nzima. Ilifunguka vizuri, laini ikazunguka, watu wakapumua. Kisha nikaangalia tarehe kwenye kioo. Ilikuwa imeandika tarehe 3 Januari 1900.

Mzee Mboje aliinama, akasoma mwaka ule polepole, akanishika bega.

"Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu, "sasa yako ni ya zamani kuliko yangu."

Zamu nzima ilicheka hadi mtu mmoja akakaa chini. Mimi nilitabasamu kwa meno tu.

Tarehe ile ndiyo iliyoleta mambo yote mengine, maana kompyuta ilipopotea mwaka ilizichanganya na kumbukumbu zake, ikaziweka za Januari mbele ya za Julai. Bwana Constantine akasema basi, mashindano yataamuliwa kwa karatasi: mimi nikusanye karatasi zangu za kila jioni, na daftari la Mboje lije. Kwa kuwa mzee alikuwa juu ya ngazi na mikono imejaa grisi, alinielekeza stoo nikalichukue kwa Justina.

Justina, mtunza stoo wetu, alinituma nyuma ya rafu za mwisho, mahali ambapo sikuwahi kufika. Daftari lilikuwa limening'inizwa kwenye msumari. Chini ya msumari, zimepangwa kwa mstari na kufunikwa magunia, kulikuwa na mashine saba za kijani. Nasema mashine, ila zilikuwa mifupa. Hazina roli, hazina mikanda, hazina beringi, nyingine hazina hata miguu. Vibao vya shaba tu ndivyo vilivyokuwa vimebaki, vinang'aa. Nikauliza hizi ni nini. Justina akanitazama kana kwamba nimeuliza jina la mtaa ninaoishi. Akasema zilikuja kumi na mbili, na zile tano za bandani ndizo zilizobaki. Hizi saba zimekuwa zikiliwa na wenzao tangu mwaka 1979.

Miaka miwili na nusu nilikuwa nazionea wivu mashine tano bila kujiuliza saba zimekwenda wapi. Na si mimi peke yangu. Kiwanda kizima, wilaya nzima, na yule padri, tulikuwa tunatazama zilizobaki na kusema za zamani zinadumu, huku zisizodumu zimefunikwa magunia stoo.

Nikafungua daftari hapo hapo. Mwandiko wa Mzee Mboje ni mkubwa na wima, na maneno yake yalikuwa matatu. Inafanya kazi. Imepumzika. Imeharibika. Nilihesabu msimu mzima nikiwa nimekalia mfupa mmojawapo. Imeharibika: hakuna. Imepumzika: mara themanini na nane.

Yangu ilikuwa imesimama mara thelathini na moja.

Sina budi kusema nilichohisi. Nilihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba mrembo wa mtaa anavaa nywele za bandia. Nilitoka stoo natembea kwa haraka, daftari kwapani, nikamkuta mzee ameshuka ngazi anafuta mikono. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba mashine zake zimesimama karibu mara tatu ya yangu, na kwamba kupumzika ni jina la adabu tu la kuharibika. Nilitegemea ajitetee.

Aliuchukua mkono wangu, akauweka juu ya beringi ya mashine iliyokuwa ikizunguka, akaniambia nihesabu. Nilifika saba nikautoa, ilikuwa ya moto. Akazima swichi. Akasema mkono ukishindwa kufika kumi, inapumzika robo saa, inapakwa grisi, inaendelea. Midomo ile niliyokuwa naipeleleza kila asubuhi ilikuwa inahesabu moja hadi kumi.

"Mimi yangu naisimamisha kabla haijanisimamisha," akasema. "Wewe yako huipi likizo, ndiyo maana inajichukulia yenyewe."

Nikamuuliza sasa nifanye nini na daftari. Akasema si nimetumwa kwa meneja, nilipeleke. Akapanda ngazi tena.

Usiku ule sikumweleza mke wangu habari zote. Nilimwambia tu aendelee na rangi ya milango.

Kikao kilikaa Jumatano moja ya Februari. Nilisimama na kusoma. Themanini na nane kwa thelathini na moja. Nilieleza pia habari za zile saba za stoo, na nakiri nilizielezea vizuri, kwa mifano. Bwana Constantine, ambaye kwa miaka alikuwa akiwatembeza wageni kwenye mashine za kijani, alikunja uso. Akamuuliza Mzee Mboje kama ni kweli. Mzee akajibu ni kweli, zote, na akasahihisha jambo moja: mashine ya kwanza ilikufa mwaka 1978, siyo 1979 kama alivyosema Justina.

Kisha meneja akaniuliza swali ambalo mwenye stashahada alipaswa kujiuliza mapema. Aliuliza hizo mara themanini na nane ni saa ngapi. Nikapiga hesabu mbele yao, sauti ikipungua. Saa ishirini na mbili kwa msimu. Na zako thelathini na moja? Nikapiga tena. Siku kumi na tisa kasoro saa chache. Nilikuwa nimehesabu mara, sikuhesabu muda. Kalamu zangu tatu zilikuwa mfukoni zimetulia.

Bwana Constantine akafunga daftari, akasema basi mambo yako wazi, Laini ya Kompyuta ihame. Niliwaza lenta. Niliwaza nitakavyomwambia mtu aliyechagua rangi ya bluu bahari. Ndipo Mzee Mboje aliponyoosha mkono kama yuko darasani. Alikuwa amekwishashinda. Angeweza kukaa kimya tu kama alivyokaa miaka yote watu wakisifia.

"Uzeni yangu," akasema. "Stoo hakuna tena cha kutoa. Mwakani nitakuwa na mashine nne, mwaka wa pili tatu, na mtakuwa mmeshaihamisha ya huyu. Sikuwahi kusema hizi zinadumu. Ninyi ndio mlisema. Mimi nilikuwa nazizika moja moja."

Meneja akamuuliza kama anaelewa maana ya anachokisema kwa ajira yake. Akasema anaelewa. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayejadili mbolea, kwamba laini ya Joakim ni chuma kizuri kabisa, shida yake inafugwa kwa woga. Kama kampuni ingeona inafaa, yeye angeweza kukaa nayo miezi michache akamwonyesha kijana.

Kijana alikuwa mimi, mwenye miaka thelathini na tisa.

Hivyo ndivyo nilivyobaki Bariadi, na hivyo ndivyo Mzee Mboje alivyofanywa fundi mkuu wa laini ambayo niliitembeza nchi nzima kuileta hapa. Mashine za kijani zilipakiwa Mei mwaka ule kwenye lori la chuma chakavu, tano nzima na saba za mifupa. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaonyesha wapakiaji pa kushika ili wasiumie. Lori lilipotoka getini hakulisindikiza kwa macho. Alikuja upande wangu, akaweka kiganja juu ya beringi, midomo ikaanza kucheza. Nami kwa mara ya kwanza nilikuwa mnyenyekevu kwa muda wa kama robo saa, kisha wivu ukarudi, maana laini ile ilimtii wiki ya kwanza.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Kompyuta haikuwa na neno la kupumzika. Kila tulipoisimamisha laini, iliandika imeharibika, na makao makuu Mwanza wakaanza kupiga simu kwa wasiwasi. Mimi nilipendekeza tuandike barua kwa walioiandika programu. Tukaambiwa kampuni yao ilishafungwa. Mzee Mboje akapendekeza tuwe tunaizima kompyuta kwanza kabla ya laini, kwa maelezo kwamba nayo imechoka, na saa za kupumzika tuziandike kwa mkono na kuzituma pamoja na ripoti. Ndivyo tunavyofanya hadi leo. Programu yenyewe bado ipo, haijasahihishwa, kwa sababu hakuna anayejua pa kuishika. Kwa hesabu zake huu ni mwaka 1903, na mtu akizikuta ripoti zetu siku za mbele ataamini Bariadi tulichambua pamba kwa kompyuta enzi za Mjerumani. Nayo imedumu, kwa namna yake. Mzee anasema imedumu kama kisiki kinavyodumu shambani.

Misimu mitatu iliyofuata laini ilisimama bila ruhusa mara nne, kisha mara mbili, kisha mara moja. Septemba iliyopita Mama Monika alifika na malori mawili kutoka Lagangabilili. Nilikuwa getini na Mzee Mboje. Karani akamwambia pamba yake inaingia Laini ya Kompyuta, akasema sawa, mara moja, bila kukaa juu ya magunia. Kisha akamgeukia dereva wake aliyekuwa mgeni, akamwelimisha: "Hiyo usiione hivyo, ni ya zamani. Za zamani zilitengenezwa zidumu."

Nilikuwa nimesubiri miaka mitano mtu aseme hivyo kuhusu laini yangu. Nilifungua mdomo nimweleze habari za grisi, za kiganja, za beringi kumi na sita ambazo tayari tumezibadilisha. Mzee Mboje alinikanyaga mguu, taratibu tu, na buti lake la kazi. Nikafuta mikono kwa kitambaa, nikaangalia pembeni.

Mwezi uliopita kamati ilimuuliza mstaafu wetu angependa zawadi gani. Ilikuwa imependekezwa saa ya ukutani na kochi. Akaomba baiskeli, ili awe na usafiri wa kufikia mashamba yake ya mpunga na mji wake wa Mwandoya, ambako yeye na Mama Elina wanahamia. Ilinunuliwa mpya, nyeusi, bado imefungwa karatasi kwenye fremu. Kwa kuwa haikuwezekana kuificha, alikabidhiwa mapema, juzi Jumatano.

Hakuipanda. Aliisukuma hadi karakana, akaigeuza miguu juu, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameifungua yote. Magurudumu huku, mnyororo kule, gololi zote kwenye kopo la mafuta ya taa, baiskeli ambayo haijatembea hata hadi getini. Watu wa kamati walipita wakashika vichwa. Mmoja akamwambia mzee, hiyo ni mpya, imetoka kiwandani hivyo. Akajibu kwamba ndiyo maana.

Alinipa spana nimshikie, nikakaa chini karibu naye nikimpa gololi moja moja, naye akizipaka grisi na kuzirudisha mahali pake, bila haraka, mpaka saa kumi. Alipoisimamisha na kuzungusha gurudumu la mbele, lilizunguka muda mrefu bila sauti yoyote.

Mzee Mboje, wafanyakazi wenzako wanakushukuru kwa miaka hii yote, kwa vidole vyetu vyote kumi, na kwa kiwanda ambacho kesho asubuhi bado kitawaka. Mimi nakushukuru kwa milango ya bluu bahari. Wewe na Mama Elina muishi salama Mwandoya, mvua ije kwa wakati, ng'ombe wazae, na wajukuu wasikuachie nafasi ya kutukumbuka sana. Miaka sita nimekuonea wivu wewe. Tangu juzi naionea wivu baiskeli.

Joakim, Laini ya Kompyuta
Kwa niaba ya wafanyakazi wote